Tutengeneze Motokari Jua Lingali Linawaka

Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano mkuu wa chama, mwezi wa nane, wiki chache kabla ya mvua. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wanachama ambao hawakufika na wafadhili walio mbali nao wayasome.



Tunajua ajenda ya leo ni ndefu. Kuna mabati, kuna mbegu, kuna likelemba ya ba mama, kuna watoto wanaorudi masomoni mwezi wa tisa. Halafu sisi watu wa tereni tunasimama kuwaomba pesa za motokari. Tumesikia mtu mmoja pale nyuma akiguna. Ana haki. Mwaka jana wakati kama huu sisi wenyewe tuliguna vilevile, na tukaacha. Leo tunataka kuwaeleza kilichofuata, kisha tuwaonyeshe kazi gani inapaswa kufanywa, na mwishoni tuwaombe mambo matatu.

Ripoti nzuri na usiku mbaya

Mwaka jana mwezi wa nane, mekanisiye alituambia mambo matatu: batri imechoka, mipira miwili ya nyuma imekwisha, freni zinataka kufunguliwa na kusafishwa. Tukapiga hesabu. Tukaona mvua bado, njia ni kavu, na motokari inawaka kila asubuhi. Tena kulikuwa na ripoti ya kupeleka kwa wafadhili, na tulitaka mstari wa garaje uwe mdogo, mstari wa mabati uwe mkubwa. Ripoti ilikwenda. Tulipongezwa.

Mwezi wa kumi na moja, usiku wa mvua, mmoja wa ba mama wa chama alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Muuguzi wa kituo cha afya akasema huyu lazima afike Nundu, kwa hospitali kubwa. Tulipigiwa simu saa nane za usiku. Shofere akageuza ufunguo: tak, tak, kimya. Akarudia, kimya. Tukasukuma. Ile motokari ni ya mazuti, ni nzito, na uwanja ulikuwa matope matupu. Tulisukuma karibu saa nzima, tukianguka na kuinuka. Vijana wakachoka kungoja, wakatengeneza kipoyi kwa miti miwili na blanketi, wakambeba. Walifika jua limekwisha kutoka. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Mama yule ametupa ruhusa tuseme haya, ila jina lake libaki kwake. Hatusemi kwamba batri ndiyo iliyomuua mtoto. Daktari hakusema hivyo, na sisi si madaktari. Tunachosema ni hiki: usiku ule chama kilikuwa na motokari kwenye karatasi tu. Na batri mpya tuliinunua wiki iliyofuata, kwa pesa zilezile ambazo mwezi wa nane tulisema hazipo.

Hali ya hewa ya upole inadanganya

Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakahamishiwa Marekani wanatupigia simu na kutueleza maisha ya kule. Wanasema kabla ya baridi kuanza, watu wanapeleka motokari garaje: wengine wanabadilisha mipira, wanapima batri, wanatia maji maalumu kwa radiatere. Theluji inawatisha, kwa hiyo wanajitayarisha mapema.

Sisi hapa kando ya Tanganyika hatuna theluji. Januari ni joto, Julai ni joto. Basi tunafikiri motokari haina msimu. Kumbe msimu tunao, na unarudi kila mwaka: mvua inaanza mwezi wa tisa, inatufuata mpaka mwezi wa tano. Kipwa chetu ni miezi mitatu tu, ya sita, ya saba na ya nane. Watu wa Uvira hawahitaji kukumbushwa mvua inaweza kufanya nini. Aprili 2020 Mulongwe ulitoka kitandani mwake usiku mmoja ukabeba nyumba na watu.

Na wale wanaopanda nasi kwenda Milima Mirefu wanajua kwamba juu kule, zaidi ya mita 2,000, asubuhi ni ukungu na baridi ya kweli. Motokari iliyowaka vizuri Baraka jana inaweza kukataa kuwaka juu leo. Injini ya zamani ya mazuti ina bugi ndogo za kupasha moto kabla ya kuwaka. Hapa chini kwenye joto, hata zikifa mbili hutajua. Juu kule utajua saa kumi na mbili asubuhi, na watu wanangoja.

Kazi za mwezi wa nane

Sasa tupite kwenye motokari yenyewe, kitu kimoja baada ya kingine. Wale waliojifunza kazi Kigoma watasema tairi, jeki na dizeli. Wale wa garaje za Uvira watasema mpira, kriki na mazuti. Ni vitu vilevile.

*Batri.* Watu wengi wanafikiri baridi ndiyo inayoua batri. Kwa kweli joto ndilo linaloila polepole, linakausha maji yake na kuharibu sahani za ndani. Baridi au mvua inakuja tu kuonyesha kazi ambayo joto lilikwisha kufanya. Kwa hiyo kwetu batri inachakaa haraka kuliko tunavyodhani. Kazi ni hii: kuondoa ule unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vyake, kuvikaza, kuvipaka vazelini, na kuifunga batri yenyewe isirukeruke njiani. Kama ni batri ya kuongeza maji, yawe maji safi ya batri, si ya ziwa wala ya bomba. Mekanisiye aipime motere ikiwa imezimwa na imepumzika: ikiwa imejaa inaonyesha karibu volti 12.6. Motere ikiwaka ipande kama 14. Isipopanda, tatizo liko kwa alternata, na batri mpya itakufa vilevile.

*Mipira.* Kwenye vumbi mpira uliokwisha bado unatembea. Kwenye matope ya Swima au Makobola unakuwa kama sabuni. Ulaya sheria inaruhusu kina cha milimita 1.6 kwa mifereji ya mpira, lakini hiyo ni kwa lami. Kwa njia zetu, ikifika milimita 4 tunapaswa kuubadilisha kabla ya mvua, na ile ya zamani itembee kiangazi. Angalieni pia umri wake. Ubavuni mwa mpira kuna tarakimu nne: zikisema 2319, mpira ulitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa mtumba unaweza kung'aa kama mpya huku umekauka na kupasuka ndani ya mistari. Kabla ya kulipa, someni hizo tarakimu. Na mpira wa akiba nao ni mpira. Mwaka jana wa kwetu ulikuwa hauna pumzi.

*Freni.* Mafuta ya freni yanavuta unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limesimama. Yakishakuwa na maji ndani, mteremko mrefu unayachemsha na mguu unazama bila kushika kitu. Wanaoshuka Ngomo kutoka Bukavu na mzigo wanaelewa tunachosema. Kila miaka miwili yabadilishwe yote. Na zile ngoma za nyuma zifunguliwe, zitolewe mchanga, kwa sababu matope yanaingia humo na kukauka kama simenti.

*Radiatere.* Hapa ndipo hali ya hewa ya upole inatudanganya zaidi. Tunasema yale maji ya rangi ni ya kuzuia barafu, sisi hatuna barafu, basi tunajaza maji ya mto. Lakini yale maji yana kazi nyingine mbili: yanazuia kutu ndani ya motere, na yanachelewa kuchemka. Maji ya mto yanaleta kutu na magamba, njia zinaziba, na siku unapopanda mlima na mzigo, sindano ya joto inapanda pamoja nawe. Tunaomba yamwagwe yote, radiatere ioshwe, yatiwe ya kweli. Na nje yake ioshwe matope taratibu kwa maji yasiyo na nguvu, tusije tukapinda yale majani yake.

*Mazuti.* Tunanunua kwa bidoni kando ya njia, tunajua. Wakati wa mvua bidoni inakaa nje, na maji yanaingia. Chini ya filtri ya mazuti kuna kifundo cha kumwaga maji: kifunguliwe kila wiki wakati wa mvua, mpaka yatoke mazuti matupu. Wakati wa kumimina tutumie faneli yenye kitambaa safi, na yale ya chini kabisa ya bidoni tuyaache. Tanki lijazwe jioni, lisilale tupu. Tanki tupu linatoa jasho ndani usiku.

*Esuiglasi na fari.* Jua la miezi mitatu linakausha ile mipira ya kufuta kioo. Siku ya mvua ya kwanza inachora kioo tu, shofere haoni kitu. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote tulivyovitaja leo, na ndivyo tunavyosahau kila mwaka.

*Chini ya motokari.* Tukivuka maji, ekseli ya moto inapoa ghafla na kunyonya maji ndani. Baada ya kila kuvuka kwa kina, mekanisiye achungulie mafuta ya ekseli: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, yabadilishwe siku hiyohiyo. Grisi nayo itiwe upya kila sehemu, kwa sababu maji yanaiosha.

Ba mama wanaofanya biashara na vijana wetu wa pikipiki, haya yanawahusu pia. Mnyororo upakwe mafuta baada ya kila siku ya mvua, freni ziangaliwe, mpira wa nyuma usingoje mpaka uone kitambaa chake. Pikipiki yako ndiyo chakula cha nyumba yako.

Njiani

Motokari nzuri haimsaidii shofere mwenye haraka. Tumekubaliana kwa tereni mambo machache, na tunataka wanachama wote wayajue, kwa sababu mara nyingi ni abiria wanaomsukuma shofere.

Mito yetu inashuka kutoka milimani kuingia ziwani. Inajaa haraka, na mara nyingi inapungua haraka: ngoja saa mbili, tatu, utapita. Maji yakiwa juu ya goti la mtu mzima, au yakibeba miti, au rangi yake imegeuka na hatuoni chini, tunasimama. Tukivuka, tunakwenda polepole bila kusimama wala kubadilisha vitesi katikati. Tukitoka, tunakanyaga freni kidogokidogo tukitembea, zikauke kabla hatujazihitaji.

Na motere ikizimika ndani ya maji, *msiiwashe tena*. Maji yakiwa yameingia ndani ya silinda hayabanwi kama hewa. Ukigeuza ufunguo yanapinda vyuma vya ndani, na hapo tumepoteza motere nzima. Motokari ivutwe nje kwa kamba, mekanisiye aitwe.

Sanduku la nyuma lisafiri na vitu hivi siku zote za mvua: kamba nene, sepetu, panga, kriki yenye kibao cha kuweka chini yake ili isizame, mbao mbili, bashi, tochi, na maji ya kunywa. Kwa njia ya kutoka Uvira mpaka Baraka, kulala porini kwa kukosa sepetu ni hatari mbili: ya mvua, na nyingine mnayoijua bila sisi kuitaja.

Pesa ni za nani

Mama mmoja alituuliza wiki iliyopita: "Wanangu, nyumba yangu inavuja, na ninyi mnataka kununulia motokari viatu vipya?" Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutaki kumjibu kwa kiburi. Mama, una haki. Bati lako unaliona. Freni huzioni.

Lakini mabati yako yatafikaje? Tangu 2005, watu wengi kati yetu walishuka melini pale Baraka wakitoka Kigoma na mizigo kichwani, wakakuta mashamba yamekuwa pori. Kila kitu kilichotusaidia kusimama, mbegu, jembe, simenti ya darasa, kilikuja kwa njia ileile moja, juu ya magurudumu. Mbegu ikikwama siku tisa, kama ilivyokwama ya maharage mwaka jana kwa sababu ya ile mipira miwili, inafika wakati wa kupanda umepita. Mbegu hiyo tuliilipia. Iko ndani ya ripoti kwamba iligawiwa, na ni kweli iligawiwa. Ripoti haikusema kwamba wengi waliipika.

Kwa wafadhili wetu tunaomba ruhusa ya kusema wazi. Tunajua mnataka kuona dola yenu ikimfikia mtu. Sisi pia. Ndiyo maana tulificha mstari wa garaje, tukiogopa mtatuona kama watu wanaokula pesa kwa ofisi. Hatutaficha tena. Mstari wa matengenezo utaandikwa kwa jina lake, na risiti zake. Mkiona umeongezeka mwezi wa nane, msishangae. Ulizeni pale mtakapoona hauko. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ukuta wenyewe ulikuwa mtoto.

Tunachoomba

Jambo la kwanza: tuwe na kisanduku cha motokari kilicho peke yake, chenye sahihi mbili, kisiguswe kwa kazi nyingine yoyote hata kama ni nzuri. Kila safari ya kubeba mzigo wa mwanachama iache kitu kidogo humo, kadiri mkutano utakavyopanga.

La pili: wiki ya mwisho ya mwezi huu motokari ilale garaje. Wiki nzima. Isiende harusini, isiende matangani, isimpeleke mkubwa yeyote popote, na sisi wa tereni ndio wa kwanza kukatazwa. Kaye ya motokari iwekwe wazi ofisini, imeandikwa tarehe, kazi iliyofanywa, bei, na jina la aliyeifanya. Mwanachama yeyote aifungue bila kuomba ruhusa.

La tatu, na hili ni gumu kidogo: shofere akisema leo haiendi, isiende. Mwaka jana alitwambia batri ni mgonjwa. Alitwambia mara mbili. Sisi tuliosoma chuo kikuu tulimwambia avumilie mpaka robo ya mwaka iishe. Yeye hakusoma sana, lakini alisikia sauti ya ile batri asubuhi kwa asubuhi. Tangu sasa neno lake liwe juu ya letu, na juu ya la komite pia, Bwana Prezida mtusamehe.

Ndugu wanachama, jua bado linawaka. Mawingu mnayaona jioni, upande wa milima, yanaanza kukusanyika. Tuna kama wiki tatu. Mwaka huu kuna ba mama wanne wa chama wenye mimba ambao siku zao zinaangukia ndani ya mvua. Tumewahesabu, na wao wanajua tumewahesabu. Tunaomba mpige kura leo kabla ya kwenda nyumbani.



*Nyongeza ya komite: Baada ya maswali, mkutano ulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Maombi yote matatu yamekubaliwa. La tatu lilijadiliwa kwa muda mrefu. Kaye ya motokari iko mezani ofisini tangu siku hiyo.*